Mwendelezo wa Huduma, au wa Mkunga? Uhakiki wa Istilahi za Ukunga wa Jamii

Hivi karibuni tuliletewa kijitabu chenye kurasa chache, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya akina mama wasemao Kiswahili waishio Uingereza. Madhumuni yake ni kuwaeleza wajawazito jinsi watakavyohudumiwa na wakunga tangu mimba inapoandikishwa hadi baada ya kujifungua. Hatutamtaja aliyekifasiri wala ofisi iliyokitoa, kwa kuwa makosa tutakayoyaeleza si ya mtu mmoja. Ni makosa yarudiayo katika makaratasi mengi ya afya, yakiwamo yale yaandikwayo hapa kwetu. Aidha, haki yatutaka tuseme kwamba sehemu kubwa ya kijitabu hicho imeandikwa kwa Kiswahili chepesi, na maelezo yake kuhusu chakula, vipimo vya damu na dalili za hatari yanaeleweka pasipo taabu. Taabu inaanza mahali ambapo kijitabu kinapaswa kutoa ahadi.

Sentensi yenyewe ni hii: "Timu yako ya wakunga wa jamii itakupatia huduma endelevu, na mkunga wako aliyetajwa atakuwa na kesi yako hadi utakapotolewa."

Mama atakayeisoma sentensi hii ataelewa nini? Ataelewa kwamba liko kundi la wakunga, pengine wale wa kienyeji. Kwamba huduma zao hazitakauka. Kwamba mmoja wao ametajwa mahali fulani kwa jambo fulani. Kwamba yeye mwenyewe anayo kesi. Na kwamba mwisho wa yote atatolewa, wala hakuambiwa atatolewa nini. Kila neno katika sentensi hiyo laweza kutetewa kwa kamusi. Sentensi nzima haiwezi kutetewa mbele ya mja mzito.

Kabla ya kuyachambua maneno, hatuna budi kulieleza jambo lenyewe, maana istilahi haiundwi kwa kulitazama neno la kigeni bali kwa kukitazama kitu. Huko Uingereza, kwa muda mrefu, mama alipimwa mimba na mkunga mmoja, akazalishwa na mwingine asiyemjua, kisha akatembelewa nyumbani na wa tatu. Mwaka 1993 kamati iliyoongozwa na Julia Cumberlege ilitoa taarifa iliyotaka mambo hayo yabadilike. Mojawapo ya malengo yake lilikuwa kwamba katika muda wa miaka mitano, angalau asilimia 75 ya akina mama wazalishwe na mtu waliyekwisha kumfahamu wakati wa ujauzito. Mwaka 2016 mapitio mengine ya huduma za uzazi katika England, ambayo yaliongozwa na mama huyo huyo, yalilirudia jambo hilo: wakunga wafanye kazi katika vikundi vidogo, kila mama awe na mkunga wake, na mkunga huyo amfuate mama kliniki, chumba cha uzazi na nyumbani. Mwongozo uliotolewa mwaka 2021 ulisema kikundi kisizidi wakunga wanane, na mkunga wa kazi ya siku zote asipewe zaidi ya akina mama 36 kwa mwaka.

Huo ndio utaratibu ambao kijitabu chetu kiliukusudia kiliposema "huduma endelevu". Tuanze hapo.

Neno "endelevu" limekwisha kupata kazi yake. Tunasema maendeleo endelevu, uvuvi endelevu, kilimo endelevu. Nalo lahusu jambo linaloweza kudumu bila kumaliza kile kinacholitegemeza. Huduma endelevu, basi, ni huduma isiyokufa mfadhili aondokapo. Mwanafedha wa wilaya atafurahi kuisikia, lakini haimwambii mjamzito chochote kuhusu nani atakayemshika mkono usiku wa uchungu. Baadhi ya wafasiri, kwa kuliona kosa hili, wamekimbilia "mfululizo wa huduma". Hili nalo lina kasoro. Mfululizo ni kufuatana kwa vitu pasipo pengo kati yake: mvua ya mfululizo, mikutano ya mfululizo. Wakunga kumi waweza kufuatana kwa mfululizo kamili, zamu kwa zamu, pasiwe na saa hata moja ambayo mama hakuwa na mtu. Na mama huyo akabaki miongoni mwa wageni tangu mwanzo hadi mwisho.

Lililo afadhali ni "mwendelezo", na twaona linazidi kukubalika. Limetokana na kuendeleza, yaani kukifanya kitu kilichokwisha kuanzwa kisonge mbele kutoka pale kilipofikia. Anayeendeleza hadithi haianzi upya. Hiyo ndiyo roho ya jambo: mama asilazimike kuianza hadithi yake upya kila aingiapo mlangoni. Tuchukue mfano wa mama aliyepoteza mtoto katika uzazi wa kwanza. Katika mimba ya pili akikutana na watu sita, ataulizwa mara sita huyo wa kwanza ana umri gani. Kadi yake inalo jibu, lakini kadi husomwa baada ya swali kuulizwa.

Hata hivyo, kulichagua "mwendelezo" ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kusema mwendelezo wa nini. Katika Kiingereza ziko istilahi mbili zinazotofautiana kwa herufi moja ya mwisho: ya kwanza husema mwendelezo wa huduma, ya pili husema mwendelezo wa yule anayeitoa huduma. Wataalamu wa huko wameitumia tofauti hiyo ndogo kwa makusudi makubwa. Wafasiri wetu, kwa kutoiona herufi au kwa kuidharau, wameandika "mwendelezo wa huduma" mahali pote pawili. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili amepewa neno moja kwa vitu viwili, na vitu hivyo si sawa kabisa.

Tofauti hii imekwisha kuelezwa vizuri na watafiti. Mwaka 2003 Jeannie Haggerty na wenzake, wakiandika katika jarida la BMJ, walitenga aina tatu za mwendelezo katika tiba. Aina ya kwanza ni ya taarifa: habari za mgonjwa zinamfuata popote aendapo. Ya pili ni ya mpango: wahudumu wote, wajapokuwa wengi, hufuata njia moja isiyopingana. Ya tatu ni ya uhusiano: mgonjwa na mhudumu wanajuana, na kujuana huko kunadumu. Kiswahili chaweza kuyabeba yote matatu bila kutoa jasho: mwendelezo wa taarifa, mwendelezo wa mpango, mwendelezo wa uhusiano. Kadi ya kliniki ambayo mama wa Tanzania huibeba katika mkoba wake ni chombo cha mwendelezo wa taarifa. Mwongozo wa wizara ni chombo cha mwendelezo wa mpango. Lakini kadi haizungumzi, na mwongozo haumtambui mtu kwa sauti yake. Chombo cha mwendelezo wa uhusiano ni mtu.

Msomaji aweza kuuliza: je, haya si mabishano ya wanalugha tu? Twajibu kwamba sivyo, na tutatoa sababu mbili.

Sababu ya kwanza yahusu ushahidi. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2016 kuhusu huduma kwa wajawazito, lilipendekeza utaratibu ambamo mkunga anayefahamika, au kikundi kidogo cha wakunga wanaofahamika, humhudumia mama katika ujauzito, uzazi na baada yake. Nalo liliweka sharti kwamba utaratibu huo ufuatwe mahali penye mipango ya ukunga inayofanya kazi vizuri. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016, yaliyoongozwa na Jane Sandall, yalikusanya majaribio 15 yenye wanawake 17,674. Mapitio hayo yalipofanywa upya mwaka 2024, yakiwa na majaribio 17 na wanawake 18,533, yalionyesha kwamba akina mama wa utaratibu huo huelekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida, na hupungukiwa na upasuaji na uzazi wa kuvutwa kwa vyombo. Manufaa yaliyoonekana mwaka 2016 ya kupungua kwa watoto njiti hayakuonekana wazi katika hesabu ya mwaka 2024, na mfasiri mwaminifu atalisema hilo pia. Lakini lililo muhimu kwetu ni hili: kilichopimwa katika majaribio hayo ni mkunga anayefahamika, au kikundi kidogo cha wakunga. Hakikuwa kadi. Ofisa anayeandika kwamba wilaya yake imepata "mwendelezo wa huduma" kwa kuwa kadi zote zimejazwa, kisha akautaja ushahidi huo, anazitumia sifa za kitu kimoja kukisifia kingine. Na aliyemwezesha kufanya hivyo ni mfasiri.

Sababu ya pili yahusu ahadi na uwezo. Mwezi Machi 2022 ilitolewa taarifa ya uchunguzi ulioongozwa na Donna Ockenden kuhusu huduma za uzazi katika hospitali za Shrewsbury na Telford, huko England. Miongoni mwa maagizo yake lilikuwa kwamba hospitali zote ziutazame upya utaratibu wa mkunga mmoja kwa mama, na ziusimamishe ikibidi, mpaka ziweze kuthibitisha kuwa zina wakunga wa kutosha katika kila zamu. Mwezi Septemba mwaka huo huo, tarehe ya mwisho iliyokuwa imewekwa kwa hospitali kuufikia utaratibu huo iliondolewa. Na tuangalie ni kitu gani kilichosimamishwa. Hakuna aliyesema kadi zisijazwe, au zamu zisikabidhiane. Kilichosimamishwa ni mwendelezo wa mkunga, kwa sababu huo ndio unaodai watu. Mfasiri aliyeandika "mwendelezo wa huduma" katika habari hii atakuwa amewaambia wasomaji wake kwamba hospitali ziliruhusiwa kuacha kuwahudumia akina mama kwa utaratibu, jambo ambalo hakuna aliyelisema. Hapo kosa la istilahi limekuwa uzushi.

Sasa tuyatazame maneno mengine ya sentensi yetu.

"Wakunga wa jamii" ni tafsiri ya neno kwa neno, na masikioni mwa wengi iko karibu mno na "wakunga wa jadi". Anayesikia habari hizi katika redio yenye mikwaruzo hawezi kuzitofautisha. Huko Uingereza mkunga wa namna hii ni mhitimu aliyesajiliwa, ambaye kazi yake iko nje ya wodi: katika zahanati za mitaa, katika nyumba za watu, na pengine katika uzazi wa nyumbani. Kwetu mambo ni mengine. Tanzania imeunganisha kwa sheria uuguzi na ukunga, kama jina la Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 linavyoonyesha. Pembeni yake wako wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao si wakunga. Na pembeni ya hao wako wakunga wa jadi, ambao hawakupitia chuo. Neno "jamii", likiwa peke yake, linawachanganya wote watatu. Hatudai litupwe, kwa maana limekwisha kuenea. Twadai tu kwamba linapotumiwa mara ya kwanza katika maandishi yoyote lifuatane na neno "msajiliwa": mkunga msajiliwa wa jamii. Baada ya hapo mfasiri aweza kulifupisha.

Kuhusu "timu" hatuna ugomvi. Wako waliopendekeza "kikosi", lakini kikosi huenda vitani. Na "jopo" hukaa mezani kutoa hukumu au ushauri. Wauguzi wenyewe husema timu, nasi twaliacha.

"Mkunga aliyetajwa" ni kalima iliyoletwa mzima mzima kutoka ng'ambo. Katika Kiswahili mtu aliyetajwa huwa ametajwa katika mashtaka, katika wosia au katika uvumi. Kinachokusudiwa ni mkunga ambaye jina lake mama amepewa, na ambaye ndiye wa kuulizwa kwanza. Lugha yetu inayo kauli ya zamani ya kulea mimba. Mama huilea mimba. Na anayemsaidia kuilea kwa nini asiitwe mlezi? Twapendekeza "mkunga mlezi". Neno hili lina faida nyingine: mlezi hawezi kuwa mtu wa zamu moja. Ukisema kwamba mama alikuwa na wakunga walezi kumi na wawili, sentensi yenyewe inakusuta. New Zealand, ambako sheria ya mwaka 1990 iliwaruhusu wakunga kufanya kazi kwa mamlaka yao wenyewe, ina cheo kinachofanana na hicho tangu mwaka 1996: mama humchagua mtu mmoja wa kuusimamia uzazi wake, naye hulipwa na serikali kwa kazi hiyo. Huko istilahi ina mshahara nyuma yake, na kwa hiyo hakuna anayeitumia ovyo.

"Kesi" ni neno la mahakama, ingawa madaktari wetu wamezoea kusema "tumepata kesi mbili za kipindupindu". Tukilivumilia kwa kipindupindu, tusilivumilie kwa mjamzito, ambaye si mgonjwa wala mshtakiwa. Waliosema "mzigo wa kesi" kwa idadi ya akina mama walio chini ya mkunga mmoja wamezidisha kosa, kwa kuwa sasa mama amekuwa kesi na mzigo pia. Neno "fungu" latosha. Mwenye shamba ana fungu lake, mwenye samaki ana fungu lake, na mkunga naye aseme: katika fungu langu mwaka huu wamo akina mama 36. Fungu ni haki na ni wajibu kwa pamoja, tena lina mpaka. Na mpaka ndio moyo wa utaratibu huu, kwa kuwa fungu likizidi kipimo mkunga hataweza kumfahamu mtu.

"Utakapotolewa" lingeweza kuchekesha lisingekuwa la hatari. Katika habari za mimba, kutoa kuna maana moja inayotangulia zote, nayo si ya kurudi nyumbani. Hospitali zetu zote husema mgonjwa "ameruhusiwa". Mfasiri angemwuliza mfagiaji wa wodi yoyote, angelipata neno hilo bure.

Liko jambo jingine ambalo kijitabu kimelifanya kwa nia njema. Mahali pengine kimesema mkunga atamtembelea mama "mpaka arobaini". Twafahamu kilichomvuta mfasiri. Katika pwani yetu mzazi hukaa ndani siku arobaini, akikandwa na kuangaliwa. Na somo aliyemfunda msichana hakuondoka siku ya harusi, bali alikuwa wa kuitwa hata katika uzazi. Kwa hiyo wazo la mtu mmoja anayemfuata mwanamke katika mapito yake si geni kwetu, na wahenga waliotuonya tusiwatukane wakunga na uzazi ungalipo walijua kwamba mkunga ni mtu utakayemrudia. Lakini arobaini si kipimo cha utabibu. Kifo cha uzazi huhesabiwa hadi siku 42 baada ya mimba kwisha, na ofisa atakayeandika arobaini katika fomu atakuwa amezifuta siku mbili, na pengine watu waliofariki katika siku hizo. Tena, mkunga wa Uingereza kwa kawaida hukoma kumwangalia mama kati ya siku ya 10 na ya 28. Aliyeahidiwa arobaini atangoja mlangoni mtu asiyekuja. Mila itusaidie kupata maneno. Isitupotoshe katika hesabu.

Baada ya uchambuzi huu twatoa mapendekezo yafuatayo, ili yajadiliwe:

1. "Mwendelezo wa huduma" litumike kwa maana pana tu, yaani huduma isiyokatika wala kupingana, yeyote awaye mtoaji wake.

2. "Mwendelezo wa mkunga" litumike pale tu ambapo mama anahudumiwa na mkunga yule yule, au kikundi kidogo anachokifahamu, katika ujauzito, uzazi na baada yake. Katika tiba kwa jumla iwe "mwendelezo wa mhudumu".

3. Aina tatu ziitwe mwendelezo wa taarifa, wa mpango na wa uhusiano.

4. "Mkunga mlezi" lichukue nafasi ya "mkunga aliyetajwa", na "fungu la mkunga" nafasi ya "mzigo wa kesi".

5. "Endelevu" liachiwe mambo ya uchumi na mazingira.

6. Mama "huruhusiwa", hatolewi.

Kwa mapendekezo hayo sentensi tuliyoianza ingesomeka hivi: "Utahudumiwa na timu ndogo ya wakunga wasajiliwa wa jamii. Mmoja wao atakuwa mkunga wako mlezi: yeye ndiye atakayekuangalia tangu sasa hadi utakaporuhusiwa, na asipokuwapo atakuja mwenzake ambaye umekwisha kuonana naye." Ni ndefu kuliko ya kwanza; lakini mama aweza kuishika mkononi, na lisipotendeka aweza kuuliza kwa nini.

Twatambua kwamba kuna watakaosema tunaunda istilahi za utaratibu ambao katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki haujakuwapo. Katika zahanati nyingi mkunga ni mmoja, naye humpima mama miezi yote. Kisha uchungu ukianza mama hupelekwa kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kwa watu asiowajua, akiwa na kadi yake. Ni kweli. Na ndiyo maana twahitaji maneno mawili wala si moja. Mwenye neno moja tu ataitazama safari hiyo, ataiona kadi mkononi mwa mama, na ataandika: mwendelezo umepatikana. Mwenye maneno mawili ataandika: mwendelezo wa taarifa upo, mwendelezo wa mkunga umekatikia mlangoni pa zahanati. Taarifa ya pili ndiyo inayoweza kufanyiwa kazi.

Tunawaomba wafasiri, walimu wa vyuo vya ukunga na maofisa wa afya watuletee maneno yatumikayo katika sehemu zao, hasa wodini, ambako mara nyingi neno sahihi limekwisha kuzaliwa na linangoja kuandikishwa tu.